King'ora Kilicholia Bondeni

Katika nyumba ya seremala kulikuwa na jina lisilotajwa. Hakuna aliyelipiga marufuku. Watu wa nyumba ile walilikwepa tu, kama mtu anavyokwepa jino bovu anapotafuna. Lilikuwa jina la baba yake seremala.

Mke wa seremala alimkuta mzee huyo akiwa hai. Aliishi naye muda mfupi tangu aolewe, lakini muda huo ulimtosha mzee kumpenda kama bintiye wa kumzaa. Alikuwa mtu wa utani, asiyeishiwa maneno. Alipoambiwa kwamba mkwewe amesomea mitandao ya kompyuta, alimtazama juu hadi chini akasema, "Basi tumepata samaki, maana nyavu zimeingia ndani." Tangu siku hiyo akawa anamuuliza kila jioni kama leo amevua.

Mzee huyo alikuwa mlinzi wa king'ora cha bondeni. Kazi yenyewe ilikuwa kibanda kidogo cha matofali kando ya mto. Juu ya kibanda kulikuwa na mlingoti wenye tarumbeta ya chuma, na ndani yake mlikuwa na kisanduku cha redio, betri, na swichi moja kubwa ya mkono. Bwawa la huko juu likielemewa, watu wa bwawani walituma ujumbe. Ujumbe uliruka kutoka mnara hadi mnara, ukafika kisandukuni, king'ora kikalia, na watu wa bondeni wakapanda mlimani. Kazi ya mlinzi ilikuwa kufuta paneli ya sola, kuangalia betri, na kuhakikisha swichi haichezewi na watoto.

Siku moja king'ora kililia bure katikati ya mazishi. Waombolezaji walitawanyika, jeneza likabaki peke yake kando ya kaburi. Waliporudi wanahema, na mto wenyewe umelala kimya, walimtukana mzee matusi ya nguoni. Mzee akarudi nyumbani, akala kimya, kisha akatema mate pembeni na kusema, "Safari nyingine nitakizima kabisa hicho kidude, watu wazikane kwa amani." Wote waliokuwepo walicheka. Mwanawe alicheka kuliko wote.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Msimu haukwisha kabla mvua kubwa haijanyesha mchana kutwa, bwawa likafunguliwa, na maji yakashuka bondeni kama ukuta unaotembea. King'ora hakikulia. Waliokuwa wamejipumzisha baada ya chakula cha mchana hawakuamka. Mwili wa mzee ulipatikana mbali na kibanda chake, kwenye njia ipitayo katikati ya nyumba. Baadhi ya watu wakasema alikuwa akikimbia kuokoa roho yake.

Tume ilipokuja kuuliza, ofisi ya tahadhari ilitoa jibu lililonyooka: majaribio yalifanyika asubuhi ile ile na kisanduku cha bondeni kilijibu. Mitambo ilikuwa mizima. Kama mitambo ni mizima na king'ora hakikulia, basi kuna mkono uliozima swichi. Wakamwita seremala, wakamuuliza kama baba yake aliwahi kutamka lolote. Seremala alikuwa na kaburi bichi nyuma yake na watu waliofiwa mbele yake. Akasema alichokisikia.

Hivyo ndivyo jina la mzee lilivyokufa mara ya pili. Bonde likafungwa. Walionusurika wakahamishiwa makazi mapya huko juu ukingoni, na seremala akamchukua mama yake, akahamia mjini. Mama hakubishana na mtu. Ila mvua ilipoanza kunyesha mchana, alichukua kigoda chake, akakaa mlangoni na kuinamisha kichwa upande mmoja. Mkwewe alipomuuliza mara ya kwanza anasikiliza nini, alijibu bila kugeuka, "Nasikiliza kile ambacho hakikulia, mwanangu."

Miaka ikapita, watoto wakazaliwa, na mke wa seremala akapata kazi. Kati ya kazi zote akaipata kwenye ofisi ile ile ya tahadhari.

"Dunia yote hii," mumewe alimwambia, "ukaiona hiyo?"

"Ndiyo iliyonifungulia mlango."

"Kuna milango mtu anapita akiwa amefumba macho," seremala akasema, akarudi kwenye randa yake.

Ofisini hakuna aliyejua ameolewa na nani. Walimwita Mama Vipimo, kwa sababu kazi yake ilikuwa kupima kama minara, visanduku na ving'ora vyote vinasikilizana. Aliketi katika chumba chenye feni moja na ukuta uliojaa ramani. Kila kituo kilikuwa nukta, na kila njia ya redio kati ya kituo na kituo ilikuwa mstari. Kwa lugha yao mstari huo waliuita kiungo. Jirani yake mezani alikuwa fundi wa minara, mrefu kama mnara wenyewe, ambaye ofisi nzima ilimwita Ngazi. Ngazi alikuwa na mzaha kwa kila jambo isipokuwa radi.

Tatizo lililomwangukia Mama Vipimo lilianza kama uchovu wa kawaida wa mitambo. Mtandao ulikuwa umekua. Vipimo vya kina cha mto vimeongezwa, ving'ora vimeongezwa, na njia za redio ni zile zile nyembamba. Kila asubuhi ujumbe wa majaribio ulitumwa kwa kila kituo, kimoja kimoja, na njia za karibu na makao makuu zilisongamana mpaka habari za mto zikawa zinafika zimechelewa.

Mkuu wa idara akamwita. "Punguza majaribio. Hatuwezi kuuguza mtandao kwa kuupima."

"Nikipunguza ovyo, kutakuwa na viungo visivyopimwa."

"Basi punguza kwa akili. Si ndiyo maana uko hapa?"

Kwa akili kulikuwa na njia, naye aliijua tangu chuoni. Badala ya kutuma ujumbe mwingi, unatuma mmoja. Unatoka mahali pamoja kama shina, ukifika njia panda unajigawa, ukifika nyingine unajigawa tena, mpaka unafika kwenye ncha zote. Mafundi wanauita mti. Uzuri wa mti ni kwamba kila kiungo kinabeba ujumbe mara moja tu, na ukitazama ncha zipi zimejibu na zipi zimenyamaza, unajua ni tawi lipi limekatika. Lakini mti mmoja haugusi kila kiungo. Ujumbe hufuata njia yake fupi, na njia nyingine zinabaki kando bila kuguswa. Kwa hiyo inabidi uchague miti kadhaa yenye mashina mahali tofauti, iwe michache kadiri iwezekanavyo, lakini kwa pamoja iguse viungo vyote.

Alifanya kama mama anayegawa nguo chache kwa watoto wengi. Alichukua kwanza mti uliogusa viungo vingi kuliko yote. Akavifuta viungo hivyo, akatazama vilivyobaki, akachukua mti uliogusa vingi kati ya hivyo, akiepuka ile inayozielemea njia dhaifu. Akafuta tena, akatazama tena. Siku baada ya siku mistari myekundu kwenye kioo cha kompyuta ilipungua. Ngazi alikuwa akipita nyuma yake na chai, anasema, "Mkulima, shamba linaendeleaje?"

Mwishowe ukabaki mstari mmoja mwekundu.

Ulikuwa kiungo kilichotoka mnara wa kilimani kwenda mnara wa chini, ule unaogawa njia mbili: moja ya kiwanda cha mbao na nyingine ya bonde. Kila mti aliojaribu uliupita kando. Akaweka shina makao makuu. Mti ukalifikia bonde kwa njia ya barabarani, na kiwanda kwa njia yake nyingine. Akaweka shina bandarini, ikawa vile vile. Ile njia ya barabarani yenyewe ilikuwa kumbukumbu tu kwenye ramani, kwani mnara wake ulichukuliwa na mafuriko. Akaufuata ule mstari kwa kidole, akirudi nyuma kituo baada ya kituo.

Mti mmoja tu ungeweza kugusa kiungo kile: mti wenye shina bwawani.

Na bwawani ndiko ujumbe wa hatari ulikotoka siku ile. Majaribio ya kila asubuhi yalitoka makao makuu. Yalipitia mlango wa mbele, yakabisha, yakajibiwa, watu wakaandika kwamba nyumba ni salama. Hatari ilipokuja ilipitia mlango wa nyuma, na mlango huo hakuna aliyewahi kuubisha hata mara moja.

Hakumwambia mtu. Alimwendea mkuu na kusema amebakiwa na kiungo kimoja.

"Cha wapi?"

"Cha kwenda bondeni."

"Bondeni hakuna mtu. Kifute kwenye ramani, umalize kazi."

"Bado kinapeleka kiwanda cha mbao."

Mkuu akashusha pumzi. "Haya. Pima, umalize."

Akapima kesho yake, jua likiwa limepanda vizuri, mbingu kavu. Akapanda shina bwawani, akabonyeza. Kisanduku cha zahanati ya huko ukingoni kikajibu. Kiwanda cha mbao kikajibu. Kisha, kwenye nukta ambayo tangu aanze kazi ilikuwa ya kijivu, kukaja jibu. Kisanduku cha bondeni kilikuwa hai.

Hajamaliza kushangaa, simu ikalia. Ngazi akaipokea, na Mama Vipimo akaona uso wa yule mtu mrefu ukibadilika.

"Ni watu wa makazi mapya," Ngazi alisema akiwa amefunika simu kwa kiganja. "Wanasema king'ora cha bondeni kinalia."

Kisanduku kile kilikuwa cha zamani. Hakikujua alama mpya za majaribio. Kilijua jambo moja tu: sauti ikitoka bwawani, ni hatari. Basi kikalia katika bonde lisilo na mtu, chini ya jua kali, sauti ikapanda ukingoni hadi kwenye milango ya waliofiwa. Wanawake waliangusha ndoo. Mshonaji mmoja alitoka mbio na nguo ya mteja ikiwa bado imening'inia shingoni. Watoto walikimbia kupanda juu, na huko walikokuwa hakukuwa na juu zaidi. King'ora kiliponyamaza, watu walisimama ukingoni wakitazama magofu huko chini, na mtu mmoja akasema lile neno lililofika mjini kabla jua halijatua: "Mlinzi ameamka."

Mkuu wa idara alitoka ofisini kwake mbio. "Nani amekwambia ufufue maiti, Mama Vipimo? Nani?"

"Nilipima kiungo, mkuu."

"Zima! Usikiguse tena!"

Jioni ile habari ilikuwa imeshamtangulia nyumbani. Chakula kilikuwa mezani na hakuna aliyekula. Watoto walikuwa wametumwa kwa jirani. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa mahakamani.

"Mwanangu," alisema, "ni kweli kimelia?"

"Kimelia, mama."

"Kile kile cha baba yenu?"

"Kile kile."

Bibi akainamisha kichwa upande mmoja. "Tangu siku ile kuna mtu aliyeingia mle kibandani?"

"Bonde limefungwa, mama. Hakuna aliyetumwa."

"Na swichi ikiwa imezimwa, king'ora kinaweza kulia?"

Jambo hilo mkwewe alikuwa ameligundua njiani, ndani ya basi, akashuka kituo ambacho si chake. "Hakiwezi."

"Basi hakukizima," mama akasema. Hakulia. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayesema maji yamechemka. "Nimewaambia watu mara ngapi? Hakukizima."

Seremala alisimama. Kiti kikaanguka nyuma yake naye hakukiinua. Akatoka kwenda karakanani, na muda mrefu wakasikia msumeno ukikata mbao, ukikata tu, bila kupumzika kupima.

Kesho yake mkuu, hasira zikiwa zimeshuka, alimwagiza Ngazi aende bondeni kukata waya wa tarumbeta, ili kisanduku kiweze kupimwa bila kupiga kelele. Mama Vipimo akamwambia atakwenda naye, na kwamba kuna mtu wa tatu.

"Nani?"

"Mama mkwe wangu. Yule mlinzi alikuwa mumewe."

Mzaha wote ulimkimbia Ngazi. "Miaka yote hii unakaa karibu yangu," akasema, "nami nimetania juu ya mzee yule nikiwa na kikombe mkononi."

"Nilikusikia."

"Nisamehe, dada."

"Twende tu, Ngazi."

Wakashuka kwa miguu kutoka ukingoni, kwa kuwa barabara ilikuwa imefunikwa na magugu. Bondeni kulikuwa na ukimya unaobana masikio. Nyumba zilikuwa zimesimama bila milango, na katika kila ukuta ulikuwepo mstari wa matope, wote kimo kimoja, juu kuliko kichwa cha Ngazi. Bati lilikuwa limekwama juu kwenye matawi. Ndani ya chumba kimoja kitanda cha chuma kilikuwa kimeota nyasi, zimepita katikati ya chaga zikainuka sawasawa kama godoro. Bibi alitembea mbele. Kila mlango alioupita aliutolea salamu kwa sauti ya chini, "Hodi hapa," akangoja kidogo kama anayetoa nafasi ya kuitikiwa, kisha akasonga. Ngazi alikuwa nyuma kabisa na hakugeuza shingo kulia wala kushoto.

Kibanda kilikuwa kimezama nusu. Tarumbeta na paneli vilikuwa juu, ndiyo maana vilipona. Mlango uliganda katika matope yaliyokauka yakawa kama saruji. Ngazi akachimba kwa sururu mpaka jasho likamloa, ukafunguka kiasi cha mtu kupita ubavu. Ndani, kisanduku cha redio kilikuwa juu karibu na dari, pamoja na betri yake, kikipepesa taa yake ya kijani. Kabati la swichi lilikuwa chini yake, na tope lililojaa chumba lilikuwa limeufunga mlango wake mdogo mpaka katikati. Hakukuwa na alama ya mkono. Ngazi akaligonga lile tope polepole kwa patasi, likadondoka vipande vipande, akafungua.

Swichi ilikuwa imeelekea juu. Ilikuwa imewashwa.

Bibi akaingia ubavu, akanyoosha mkono, akaigusa ile swichi kwa ncha za vidole. Akaiacha. Kisha akafungua kilemba chake, akaanza kuufuta mlango wa kabati, nje na ndani, pembe zote, kama alivyokuwa akifuta vyombo vya mumewe.

Lakini hapo Mama Vipimo alikuwa na nusu tu ya jibu. Kama swichi ilikuwa imewashwa, na kiungo kimepimwa nacho kimejibu, kwa nini siku ile king'ora kilinyamaza? Watu wangeuliza hivyo, na wangekuwa na haki. Waya wa tarumbeta ulikuwa umeshakatwa. Akangoja mvua.

Ilipokuja, ilikuja mchana, nzito, ikagonga bati la ofisi mpaka watu wakawa wanasemezana kwa ishara. Akapanda mti wake wenye shina bwawani, akatuma. Zahanati ya ukingoni ikajibu. Kiwanda cha mbao, kimya. Bonde, kimya. Akarudia. Vile vile. Akarudia tena, mvua ikazidi, na nukta mbili zikabaki za kijivu bega kwa bega.

"Ngazi," aliita, "njoo uone."

"Vyote viwili vimekufa?"

"Zahanati hupata habari kutoka kilimani, nayo imepata, kwa hiyo kilima kimesikia. Kutoka bwawani, hawa wawili wanategemea mnara mmoja wa chini. Ndugu wawili wakikosa habari kwa pamoja, usiwalaumu wao. Mtazame aliyetumwa kwao."

Mvua ilipokatika Ngazi alipanda mnara wa kilimani. Kwenye kiungio cha waya wa antena inayotazama chini, mpira wa kuzuia maji ulikuwa umeoza. Alipokifungua, maji yalimwagika mkononi mwake. Jua likiwaka palikauka pakafanya kazi. Mvua ikinyesha paliziba. Yaani njia ile ilikuwa nzima siku zote isipokuwa siku ambayo ingehitajika. Na siku ya mafuriko king'ora cha kiwanda cha mbao nacho hakikulia. Ilikuwa siku ya mapumziko, wafanyakazi hawakuwepo, na katika maswali yote yaliyoulizwa hakuna aliyeuliza hilo.

Mkuu wa idara hakuwa mtu mbaya. Aliposikia yote, na aliposikia pia Mama Vipimo ni mkwe wa nani, alishika paji la uso. Kisha akasema, "Tutakwenda kuwaambia. Mimi nitasema. Wewe ukae karibu, nisije nikapunguza maneno."

Wakaenda. Watu wa makazi mapya walikusanyika uwanjani, wamesimama. Mkuu akasema hakukuwa na mkono uliozima kitu. Kulikuwa na njia ambayo ofisi yake haikuwahi kuipima, na ilikuwa mbovu. Alimtaja mzee kwa jina lake kamili, na jina hilo likapita juu ya vichwa vya watu kama upepo wa baridi. Mama Vipimo alitarajia kelele, au machozi, au hata matusi. Haikuwa hivyo. Walitazama chini. Kuna mtu walikuwa wamemchukia kwa miaka, na sasa wamenyang'anywa, na chuki ile haikujua pa kwenda.

Yule mshonaji, naye mjane, ndiye aliyesema. "Mimi siku ile niliamshwa. Mtu alipiga mlango wangu kwa nguvu, kama kwa jiwe, akapita. Nilipotoka sikumwona, niliona maji, nikakimbia. Sijawahi kujua ni nani. Sisemi ni yeye. Uso sikuuona." Akakaza kanga yake. "Ila kila nikilala najiuliza, na nyinyi mliposema alikuwa anakimbia, nilinyamaza."

Bibi alikwenda akasimama mbele yake. Wajane wawili hao walitazamana, kisha bibi akamshika mkono, akamwambia, "Asante kwa kutosema uongo." Basi.

Seremala hakuwa amekwenda. Mkewe aliporudi alimkuta karakanani, ameketi juu ya rundo la takataka za mbao, hajawasha taa. Akamweleza yote. Yeye akasikiliza hadi mwisho.

"Mimi ndiye niliyewapa lile neno," alisema. "Walikuwa hawana kitu. Nikawapa."

"Ulisema ulichosikia."

"Nilijua ni utani. Mimi nilicheka, mke wangu. Nilicheka kuliko wote. Kisha nikasimama mbele ya watu nikalisema bila kicheko." Akafuta uso kwa mkono uliojaa vumbi. "Afadhali angekuwa amezima. Angekuwa amezima, ningemsamehe. Sasa nitamwambia nani anisamehe?"

Mama yake alikuwa amesimama mlangoni, hawakumsikia akija. "Angekutania," alisema. "Angekutania mpaka ukimbie nyumba. Kisha angekula chakula chake." Akaja, akamwekea mwanawe mkono kichwani, na yule mtu mzima mwenye mabega ya kubeba magogo akalia kwa sauti kama mtoto.

Kiungio kikabadilishwa. Miti ya Mama Vipimo ikawa ndiyo inayotumika, michache, mashina yake mahali tofauti, mmoja ukiwa bwawani. Njia zikapumua, habari za mto zikawa zinafika kwa wakati. Watu wa nyumbani wakaanza kumtaja mzee, mwanzoni kwa kujikwaa, baadaye watoto wakawa wanauliza alikuwa akitania vipi.

Lakini haikuwa kama watu wanavyodhani, kwamba ukweli ukifika usingizi unarudi. Seremala alikonda. Alisema anasikia kwenye msumeno kitu kinachofanana na king'ora, akazima mashine, akakuta ukimya, akaona ukimya huo ni mbaya zaidi.

Mvua kubwa ya kwanza ya msimu uliofuata ilipoanza kunyesha, Mama Vipimo alikuwa mezani kwake. Mlango ukafunguliwa. Seremala aliingia, maji yakimchuruzika mpaka sakafuni, viatu vimejaa matope. Alikuwa hajawahi kukanyaga ofisi ile tangu mkewe aajiriwe. Ngazi alimtazama, akaelewa, akavuta kiti akakiweka karibu na Mama Vipimo, kisha akatoka nje taratibu.

Seremala akaketi. Alitazama nukta kwenye kioo. Kisha akaweka kidole kwenye mojawapo.

"Hapa?"

Mkewe akatuma ujumbe. "Pamejibu."

Kidole kikasogea. "Na hapa?"

"Pamejibu."

"Na hapa?"

Wakaenda hivyo, kituo baada ya kituo, kilima, mnara wa chini, kiwanda cha mbao, bonde, mvua ikipiga bati juu yao. Walipofika nukta ya mwisho, nayo ikajibu, seremala alivuta pumzi ndefu. Maji yalikuwa bado yanamdondoka kutoka kwenye nywele.

Akarudisha kidole kwenye ile ya kwanza.

"Na hapa?" akauliza.